Nimeacha kazi kumuuguza mama, ndugu wanasema nakaa bure

Swali:

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja, mshahara shilingi 520,000 kabla ya makato. Mwaka juzi mama yetu, sasa ana miaka 74, alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalegea. Tuko wanne: kaka mkubwa yuko Dar, dada yuko Maskati, mdogo wetu wa kiume yuko Mwanza. Mimi sina mume wala mtoto, ikaonekana mimi ndiye niende. Nikaacha kazi, nikarudi Muheza, sasa ni mwezi wa ishirini na nne. Ndugu walikubaliana kila mmoja atume laki moja kwa mwezi, lakini nikipiga wastani napokea kama 180,000 kwa jumla, zinaishia kwenye pampasi, dawa za presha na chakula cha mama. Mama ana nyumba na shamba la machungwa, ila machungwa anauza kaka mkubwa. Idi iliyopita tulikaa kikao nikasema nimechoka. Kaka akanijibu mbele ya wajomba: 'Wewe huna kazi, unakaa bure, unachoka na nini?' Nililia usiku kucha. Naomba unieleze: ninachofanya kina thamani ya fedha au najidanganya? Ni dhambi kukihesabu? Na Mungu akimchukua mama, naweza kudai sehemu kubwa zaidi ya nyumba? Nimekuwekea na ratiba yangu ya siku moja uione. Mgongo unaniuma sana, na juzi nimeona wekundu juu kidogo ya makalio ya mama, sijui kama ni joto."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Poleni, wewe na mama.

Umeuliza maswali matatu, lakini naona liko na la nne ambalo hukuliandika, nalo ndilo lililokuliza: je, kaka amesema kweli? Nianze na hilo. Hapana, hukai bure. Katika familia yenu watoto wanne wanachangia matunzo ya mama, na kwa hesabu ya fedha tupu, ukiacha mapenzi na ukiacha thawabu, anayetoa nyingi kuliko wengine wote watatu kwa pamoja ni wewe. Nitakuonyesha namba kwa namba, ili siku nyingine ukiambiwa hivyo mbele ya wajomba uwe na la kuweka mezani.

Wachumi tuna kipimo cha zamani cha kujua kama shughuli ya nyumbani ni kazi. Alikitoa mchumi mwanamke aliyezaliwa Kanada na kufanya kazi Marekani, Margaret Reid, mwaka 1934. Alisema jiulize kama unaweza kumlipa mtu mwingine aifanye badala yako na faida ikapatikana ileile. Huwezi kumlipa mtu ale ili wewe ushibe. Ila kumlisha mama uji kijiko kwa kijiko ili usimpalie, unaweza kumlipa mtu akafanya. Basi kula ni kula, na kulisha ni kazi.

Nimepitia ratiba yako kwa kipimo hicho. Nimeondoa kupika chakula chako mwenyewe, kufua nguo zako na muda unaokaa na mama kibarazani mkipiga soga, maana huo ni wenu. Nikabaki na kumgeuza, kumbadilisha, kumwogesha na kumpaka mafuta, dawa, mazoezi ya mkono na mguu, kuponda chakula na kumlisha, kufua mashuka yake na kumtoa nje jioni. Ni saa saba za mchana, kila siku, Ijumaa na Jumapili zimo. Kwa wiki ni saa 49. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kabla sijagusa usiku umeshavuka ukomo. Na usiku unaamka mara tatu, jumla saa moja na nusu hivi. Mtu anayefanya saa 49 mchana na zaidi ya kumi usiku, kwa wiki zote za miaka miwili bila likizo, hauliziwi anachoka na nini.

Sasa tuitie fedha. Njia ziko mbili, na kila moja inajibu swali lake.

Njia ya kwanza inauliza ingegharimu kiasi gani kumweka mtu mwingine. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilitaja shilingi 120,000 kwa mwezi kama kima cha chini cha msaidizi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri. Viwango hivi hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo kabla hujakitumia kwenye kikao uliza ofisi ya kazi kinachotumika sasa. Mimi nakitumia hicho kwa makusudi, kwa sababu ni cha chini na hakuna atakayesema nimekuza mambo. Kazi yako inahitaji watu wawili: mmoja wa mchana, mwingine wa usiku na wa kumpumzisha mwenzake. Hiyo ni 240,000, na chakula chao juu. Na hicho ni kima cha kufagia na kupika. Anayejua kumhamisha mgonjwa toka kitandani hadi kitini bila kumwangusha ataomba zaidi, na ana haki ya kuomba.

Njia ya pili inauliza wewe umeacha nini. Umeacha mshahara wa 520,000 na mchango wa mwajiri wa asilimia kumi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), yaani 52,000. Jumla 572,000. Hapo nakusihi uwe mkweli kuliko kaka yako: punguza mwenyewe kabla hajakupunguzia yeye. Muheza hulipi kodi ya chumba wala nauli ya daladala; tuseme zilikuwa 130,000. Chakula unakula kwa mama, tuseme 60,000. Inabaki 382,000 kwa mwezi. Kama kwako kodi ilikuwa kubwa au ndogo kuliko hapo, weka namba yako.

Usizijumlishe njia hizi mbili, maana utakuwa umehesabu kitu kimoja mara mbili, na mtu makini atakukamata hapohapo. Sema hivi: mchango wangu kwa mwezi si chini ya 240,000, na kwangu umenigharimu 382,000. Ndugu zako watatu kwa pamoja ni 180,000. Kwa miezi 24 wao wametoa 4,320,000, wewe zimekutoka 9,168,000. Hata ukichukua ile namba ndogo bado umewazidi.

Na kuna shimo jingine ambalo huwa halionekani mpaka mtu azeeke. Miaka kumi na moja ya kazi ni michango 132 kwenye mfuko. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua 180. Ulibakiza 48, yaani miaka minne tu. Miezi hii 24 ingekuwa imekufikisha nusu ya safari hiyo. Ukiishia hapo ulipo, utakapofika umri wa kustaafu utapewa fedha za mkupuo na mambo yataishia hapo, bila kitu cha kila mwezi. Ndiyo maana nasema gharama ya kumtunza mzee wa leo mara nyingi hulipwa na mzee wa kesho, yule binti aliyemtunza.

Tuangalie na jinsi ulivyochaguliwa. Hakukuwa na mtu mbaya katika kikao kile cha mwanzo. Familia karibu zote hufanya hivyohivyo: hutafuta yule ambaye muda wake unaonekana wa bei rahisi. Mwenye mshahara mkubwa anaachwa, mwenye ndoa anaachwa, aliye ng'ambo hawezi, anabaki binti mwenye kipato kidogo na asiye na mume. Kwa siku ile hesabu inaonekana ya busara. Lakini akishaacha kazi, muda wake unakuwa rahisi zaidi, kwa sababu sasa "hana kazi". Kesho akiugua shangazi, ataitwa yuleyule. Keshokutwa akizaliwa mjukuu, yuleyule. Kila anavyobeba ndivyo anavyoonekana hana cha kupoteza. Neno alilolisema kaka yako limetoka humo. Amesahau kwamba kazi ulikuwa nayo, na kwamba ni kikao cha familia kilichokutoa huko.

Nikuambie jambo langu. Nilikuwa kaka wa namna hiyo. Dada yangu alimuuguza baba miaka mitatu, mimi nikituma fedha kila mwisho wa mwezi na kulala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu. Baba alipofariki nikapewa kaunta buku alilokuwa akiandikia, nitafute humo madeni ya duka la dawa. Ukurasa mmoja ninaukumbuka mpaka leo. "Jumanne. Saa 7 usiku amelowa. Shuka 2, kanga 1. Saa 8 anataka maji. Saa 10 anamwita mama. Nimemwambia mama amelala, nimekaa naye." Chini yake, kwa kalamu hiyohiyo: "50,000 imepokelewa." Mama yetu alikuwa amekufa miaka tisa kabla. Niliyekuwa nafundisha watu hesabu za kaya ni mimi, na hiyo ya nyumbani kwetu sikuwa nimeipiga.

Kwa hiyo usimwone kaka yako ni mkatili. Yeye anaona kinachotoka mfukoni mwake kwa sababu kina ujumbe wa simu na tarehe. Chako hakina risiti. Na hata nchi zimehesabu hivyo kwa muda mrefu. Pato la Taifa hupimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, ambazo toleo la kwanza lilitoka mwaka 1953. Kwa kanuni zilivyo tangu marekebisho ya 1993, ndoo ya maji unayochota kisimani kwa matumizi ya nyumbani inastahili kuingia kwenye pato hilo, kwa sababu maji ni bidhaa. Kumwogesha mama kwa ndoo hiyohiyo hakuingii, kwa sababu ni huduma ya nyumbani isiyo na malipo. Ukimwajiri binti wa jirani amwogeshe, mshahara wake unaingia. Mwili ni uleule, maji yaleyale. Waliotunga kanuni hawakusema kazi hiyo haina maana; walisema haina bei ya sokoni na ni vigumu kuipachika bei. Kilichoachwa nje ya kitabu, baada ya miaka, watu wakaanza kukiona hakipo.

Sasa mambo yanabadilika polepole. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi ulikubali kwamba shughuli hizi ziitwe kazi, zilipwe zisilipwe. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani, kwa takwimu za nchi 64, lilikadiria kwamba matunzo yasiyolipwa ya watoto, wagonjwa, wazee na nyumba kwa ujumla huchukua saa bilioni 16.4 kila siku, sawa na watu bilioni mbili wanaofanya kazi saa nane bila mshahara. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Zingelipwa kwa kima cha chini tu zingefika asilimia 9 ya pato la dunia nzima. Upweke wako wa saa tisa usiku umo ndani ya namba hiyo.

Sheria yetu nayo iliacha pengo hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilivyotungwa mwaka 2004, kifungu cha 34, ilimpa mfanyakazi siku nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na vilevile mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu akifariki. Soma tena taratibu: mzazi akifa umepewa siku. Mzazi akiugua hakutajwa. Ndiyo sababu wengi kama wewe hawaombi ruhusa ya muda, wanaacha kazi kabisa.

Nije kwenye dhambi. Mimi si sheikh, na hili ukitaka kulijua kwa kina muulize mwenye elimu. Lakini kuhesabu na kudai ni vitu viwili. Mama humpelekei ankara. Unaowaonyesha hesabu ni ndugu zako, wenye wajibu uleule. Amri ya kuwatendea wema wazazi na kutowaambia hata "ah", iliyomo katika Sura ya Al-Israa aya ya 23, haikumtaja binti asiye na mume. Imewakuta wote wanne, na aliye Maskati pia. Ukinyamaza ili usipoteze thawabu, kumbuka na wao wanakosa nafasi ya kupata zao.

Swali la nyumba ndilo gumu, na sitakudanganya. Msiwekee matumaini mirathi. Liko jambo jema katika historia ya sheria zetu: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani na binti aliyemlea mzazi analindwa. Hukumu ile ni ya mume na mke. Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yamepangwa, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, na hakuna fungu la aliyeuguza. Mama hawezi kukuongezea kwa wasia, kwa kuwa wewe ni mrithi, isipokuwa warithi wenzako waridhie.

Kuna milango miwili inayofunguka mama akiwa hai tu. Mmoja ni hiba, yaani mama akupe kitu sasa na ukipokee sasa, akiwa na akili timamu. Lakini zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti hupingwa, na kupendelea mtoto mmoja kuna maneno mengi kwa wanazuoni. Mwingine, ambao naupenda zaidi, ni makubaliano ya ujira. Wewe na mama mkikubaliana kwa maandishi kwamba kazi yako ina malipo ya kiasi fulani kwa mwezi, na fedha haijapatikana, hilo linaweza kuwa deni la mama. Na deni hulipwa kabla mali haijagawanywa. Likiandikwa baada ya mazishi haliwi deni tena, linakuwa ugomvi. Kabla ya kuandika chochote, kaeni na kadhi au sheikh mnayemwamini, na mwanasheria. Kama fedha hamna, wako watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itawaelekeza.

Tuache ya mbele, tuseme ya mwezi huu.

La kwanza ni machungwa. Hilo umelipitia haraka katika barua, mimi nimesimama hapo. Shamba ni la mama. Fedha ya kwanza ya kumtunza mama ni ya mama mwenyewe, kabla ya laki za watoto. Sisemi kaka anakula. Huenda analipia palizi na dawa za shamba na hakuna kinachobaki. Lakini mavuno yaandikwe: magunia mangapi, yameuzwa kwa bei gani, gharama ngapi, kilichobaki kiko wapi. Omba hilo kwa upole, na uliombe kwenye kikao, msijifungie wawili.

La pili, badala ya kuomba "mniongezee", omba kitu chenye jina. Omba wakulipie michango ya hifadhi ya jamii. Mfuko unapokea wanachama waliojiajiri na wa sekta isiyo rasmi, na ofisi yao ya Tanga itakuambia salio lako, kama ile michango 132 imeandikwa yote, na kiwango cha chini cha kuendelea. Mtu akiambiwa "nipe hela" anauliza za nini. Akiambiwa "nimebakiza michango 48 nipate pensheni, nyinyi watatu mnilipie", anajua anachokilipia na kinakwisha lini. Naamini dada wa Maskati anaweza kulibeba hilo peke yake, maana mikono yake haifiki Muheza lakini fedha inafika.

La tatu ni mikono ya pili. Kurudi kazini Dar na kumwachia mama mtu wa kulipwa kunawezekana, lakini piga hesabu: 520,000, toa kodi, nauli, chakula, toa wasaidizi wawili, kitakachobaki ni kidogo mno kama utalipa peke yako. Na sikushauri umchukue binti wa watu kutoka kijijini kwa elfu arobaini umtwike usiku na mchana. Hapo mzigo haujapungua, umehamia kwenye mgongo wa mtoto wa mwenzio. Kumhamishia mama Dar kwa kaka nako kuna uzuri wake, hospitali ziko karibu, ila mgonjwa wa kiharusi akitolewa kwenye kibaraza anachokijua na majirani wanaomjulia hali, wengine hunyong'onyea. Muulize mama mwenyewe. Ameshindwa mkono, hajashindwa kuchagua.

Ninachoona kinafaa kwenu ni msaidizi wa nusu siku, anayekuja asubuhi akasaidia kuogesha na kufua, analipwa na ndugu kwa kiwango halali, na wewe ukapata saa nne za kushika kazi ya hesabu hapo Muheza. Maduka yanayohitaji mtu wa kufunga vitabu mara mbili kwa wiki hayakosi. Juu ya hilo, kila ndugu aje mara moja kwa mwaka akae wiki mbili, wewe uondoke kabisa. Asije kusalimia, aje kushika zamu. Atakayeamka saa saba usiku kubadili shuka hatauliza tena unachoka na nini.

Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, yamewekwa kwa wasio na mtu wa kuwatunza. Nayataja kwa sababu wapo ndugu watakaoyataja wakibanwa.

Serikalini usitegemee mengi, lakini kilichopo kichukueni. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kitambulisho kitoke halmashauri, na hospitali ulizia dirisha la wazee. Dawa nyingine mtaambiwa hazipo, na mtanunua. Kama kaya ni maskini sana ulizeni TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Hapo ng'ambo tu, Pemba, mama wa miaka 74 angekuwa kwenye Pensheni Jamii, ambayo Zanzibar inawalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu 2016. Ilianza kwa 20,000 kwa mwezi na imepandishwa baadaye. Kenya nako wapo wazee wa umri huo wanaopata shilingi zao 2,000 za Inua Jamii. Bara bado hatuna cha wote.

Kaunta buku nunua leo. Andika mistari mitatu tu kwa siku: saa ulizofanya, ulichonunua, kilichopokelewa na kutoka kwa nani. Baada ya mwezi piga picha kurasa zote uzitume kwenye kundi la familia, bila neno la hasira hata moja. Kisha omba kikao, na mjomba mmoja anayeheshimika awepo. Ukiona mazungumzo yanageuka matusi, afisa ustawi wa jamii anaweza kuwakalisha. Ni kazi yake, wala si kushtakiana.

Kuhusu mgongo wako, muone mtu wa mazoezi ya viungo hospitalini, umwombe akuonyeshe namna ya kumwinua mama kwa kutumia shuka na magoti. Mbinu hiyo inafundishwa kwa nusu saa. Na ukifika mahali unajikuta umemkaripia mama mpaka ukaogopa, au hulali hata akilala, au unawaza heri ufe, hapo usijilaumu na usinyamaze. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaseme hivyohivyo kwa maneno hayo.

La mwisho ni ule wekundu juu ya makalio ya mama. Mimi si daktari, lakini nimekaa na wauguzaji wa kutosha kujua kwamba hilo halisubiri kikao wala Idi nyingine. Bonyeza kwa kidole uachie. Ukibaki mwekundu vilevile, au ngozi pale ni ya moto, ngumu au imeanza kuchubuka, huo ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kikichimbika matibabu yake ni miezi. Usiusugue, usipake chochote, usimlaze chali juu yake. Mlaze ubavu na umgeuze kila baada ya saa mbili. Na hata ukiuona umefifia, kesho asubuhi mpeleke hospitali ya wilaya wamtazame. Leo jioni mpigie kaka, mwambie kuna bajaji ya kwenda na kurudi ya kulipia, na nauli hiyo iwe mstari wa kwanza kwenye daftari.